Mistari Miwili ya Mbao

MAELEZO YA SHAHIDI: MOTO KATIKA YADI YA MBAO

Shahidi: mwanamke, miaka 38, mtunza takwimu wa chama cha wapasua mbao. Kazini anaitwa Mama Grafu. Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha misumari.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu.

Mwezi uliopita katibu wa chama alinitaka nilinganishe thamani ya mbao laini, zile za misonobari, ambazo nchi yetu na nchi jirani huagiza kutoka nje. Nilichora mistari miwili ya miaka ishirini. Kwa muda mrefu ilipanda na kushuka pamoja kama mapacha. Katibu akaitazama, akasema, "Mama Grafu, watu wangu hawana kazi, wewe unaniletea mapacha?"

Nilimweleza kwamba mwishoni mstari wetu umepanda kwa sababu ya bei tu, mbao zenyewe hazijaongezeka. Jirani wamesimamisha ujenzi baada ya mafuriko, ndiyo maana wao umeshuka.

Akasema, "Basi anzia hapo."

Nilimwelewa. Nikaikata miaka yote ya nyuma, nikabakiza mitatu. Mstari wetu ukapaa, wa jirani ukalala chini. Kila tarakimu ilikuwa ya kweli, na nilijifariji kwa hilo. Katibu alinisifu mbele ya ofisi nzima. Nilifurahi, sitaficha.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, mchana, wapasua mbao walikutana kwenye uwanja wa kiwanda. Mchoro ulikuwa umekuzwa na kutundikwa ukutani. Katibu akasema, "Wenzetu wamepunguza mbao za nje, wanalinda kazi za watu wao. Sisi tunauzwa!"

Mzee mmoja wa mashine ya kuranda aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika fimbo ya kuonyeshea: "Dada, huo mstari ni wingi wa mbao au ni pesa?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Katibu akanikata jicho. Nikasema, "Tumsikilize katibu."

Watu wakaanza kuvuka barabara kuelekea yadi ya mwagizaji wa mbao. Niliwafuata. Kabla sijafika langoni niliona moshi. Aliyewasha sikumwona. Nilimwona mlinzi wa yadi, ambaye ni baba yangu mdogo, akivuta turubai linalowaka kutoka kwenye mbao kwa mikono mitupu. Nilipiga kelele aliachie. Hakunisikia.

Hospitali walimfunga bandeji hadi viwikoni. Aliniambia, "Mwanangu, wale nakunywa nao chai kila asubuhi. Walikuwa wanapayuka kwamba wamejionea kwa macho yao. Waliona nini?"

Nikamnywesha maji. Nikamwambia sijui. Mama mdogo akanishukuru kwa kuwahi kufika.

Afande ameniambia kuchora si kosa, kinachotafutwa ni aliyewasha. Huyo simjui. Ninalolijua ndilo hili nililolieleza, na ninalitilia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, nikamsomea shahidi, naye akayakubali. Nilimshauri tuiondoe sehemu ya mchoro kwa kuwa haitusaidii kumpata mshukiwa. Amekataa. Ameomba nakala, akamsomee majeruhi wodini yeye mwenyewe. Nimempa.