Matumba Aliyoyakata Mama Mkwe

Bujumbura, Quartier Asiatique

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na lile unalolitafuta kabla ya salamu: tuko hai sote, na baba mkwe amepatikana. Sasa vuta pumzi, uniambie mguu wako unaendeleaje, na kama mvua imewafikia huko Kigoma.

Redioni mlisikia vita vimeingia Kanyosha. Siku ile wakwe zangu walikimbia nyumba yao ya huko, wakapotezana njiani. Mama mkwe alifika kwetu peke yake, kwa miguu, hana hata sufuria. Alichobeba ni matawi matatu ya mfranjipani, ule mti wa maua uliokuwa mlangoni kwao. Bomu liliuangusha, naye akavunja matawi akaenda nayo. Kitenge alichoyafungia kilikuwa kimelowa utomvu mweupe, na kila tawi lilikuwa na matumba ya maua nchani.

“Mzee alipanda huu muti siku tulioana,” aliniambia. “Akifika, akute maua.”

Hatukujua kama Mzee yuko hai. Mume wangu Gaspard alizunguka maparokia na hospitali, akirudi bila neno. Mama mkwe hakula ila kwa kubembelezwa. Matawi tuliyaacha kivulini mpaka yakakauka pale yalipovunjika, kisha nikayapanda kwenye makopo ya mchanga. Lakini matumba yalizidi kunenepa huku matawi yenyewe yakinywea na kujikunja ngozi.

Bi Salma, mke wa mwenye duka tunalopanga nyuma yake, ana mti kama ule. Aliyabonyeza matawi akatikisa kichwa.

“Hayajatoa mizizi, na maua yanakunywa maji yote yaliyobaki humo. Yakateni matumba, ama mtakosa vyote.”

“Apana!” mama mkwe aliruka. “Mi sikati. Mzee atakuta nini?”

Gaspard aliniambia nimwache. Sikuweza. Niliketi naye kwenye mkeka pale uani.

“Mama, maua haya yakifunguka, siku chache yameanguka, na tawi limekufa. Mti ukishika, ataukuta mti.”

Aligusa tumba moja kwa kidole. “We unaamini atakuja?”

Nilitaka kumwambia ndiyo, Mama yangu. Ulimi ulikataa. “Sijui,” nikamwambia. “Nami namngoja.”

Alinitazama, akainuka kuchukua kisu. Aliyakata mwenyewe, utomvu ukimchuruzika mkononi, akilia kwa mara ya kwanza tangu afike. Siku ile alikula ugali akamaliza, akaomba mwingine. Nilijificha jikoni nikilia kwa furaha.

Tawi moja lilioza. Mengine yalikaa vilevile wiki nyingi, nami naogopa kuyamwagilia, naogopa kutoyamwagilia. Halafu asubuhi moja mama mkwe akaniita kwa kelele. Kijani kidogo kimechomoza nchani! Alilivuta tawi polepole, likagoma. Limeshika.

Mzee alikuja mchana mmoja, akipitia dukani, amekonda hata Bi Salma hakumtambua. Malaria ilikuwa imemlaza kwenye misheni moja kusini, na barabara ilikuwa imefungwa. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Ungo ulimponyoka.

“Umechelewa,” alisema. “Maua nimekata.”

“Maua gani?” Mzee akauliza, na kabla hajajibiwa walikuwa wameshikana, sote tunalia, Gaspard akilia kuliko sisi.

Kanyosha hawajarudi, bado si salama. Tumebanana, lakini usingizi umerudi. Jana wazee walibishana kuhusu chumvi ya mboga mpaka wateja dukani wakasikia. Gaspard aliinuka akawatulize. Nikamshika shati nikamwambia, waache, niwasikilize.

Nisalimie kaka Yohana fundi baiskeli na wanawe, shangazi wa mawese, na wenzangu wote wa kwaya. Gaspard anakuamkia. Barua hii anakuja nayo mfanyabiashara wa sabuni. Mpe chai, ni mtu mwema.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Anastazia