Picha ya Ubongo Hainong'onezwi

Mama,

Neema ameniaibisha sasa hivi hapa uani, na wala hajui. Jirani amepita kumsalimia Baba, akamtania, "Mzee, na huyu mrembo ni nani?" Baba akamtazama mjukuu wake, akabaki na tabasamu tu. Neema akamvuta shingo, akamnong'oneza sikioni. "Huyu ni Neema," Baba akasema. Jirani akacheka, na mtoto akanigeukia nimsifu.

Nimeingia ndani. Amejifunza kwangu, Mama.

Tangu tukuzike, Baba amezidi kusahau. Akitaka chai anaita, "Mama Elia!" Elia, mume wangu, akimwambia kuwa umefariki, analia upya, kama ndiyo kwanza anapata habari. Ndipo tukampeleka hospitali, akapigwa picha ya ubongo. Daktari alisema picha inasomwa kwanza na kompyuta. Imeonyeshwa picha za watu wengi, wenye ugonjwa wa kusahau na wasio nao, mpaka ikajifunza kuwatofautisha. Hata mimi wa darasa la saba nilielewa. Ndivyo ulivyonifundisha kuujua mkungu wa ndizi uliokomaa: hukunieleza, ulinionyesha mingi tu mpaka jicho likajua.

Kisha yakaja maswali. Huu ni mwezi gani, hapa ni wapi. Baba akawa anahangaika na kofia yake, nikakumbuka kauli yako: "Mzee asiaibike mbele ya watu." Kanisani ulikuwa unamtajia majina ya watu kabla hawajafika kumpa mkono, nami nikidhani ni mapenzi tu. Basi daktari ni mtu wa Tanga, Kimeru hajui. Elia alikuwa kazini. Nikajifanya namtafsiria Baba swali, kumbe nampa jibu. Akapata karibu yote. Nilijiona mkwe hodari.

Juzi tukaitwa tena, na Elia akaja. Kompyuta imeona ubongo umesinyaa upande wa kumbukumbu, lakini majibu yake ya yale maswali yanasema mzee ni mzima. Daktari hakunifokea. "Mashine nayo hukosea," alisema, "ndiyo maana namhitaji mzee mwenyewe. Dada, kweli ulikuwa unatafsiri?"

Kabla sijafungua mdomo, Baba akanigeukia, akaniuliza kwa Kimeru, "Leo niseme nini?"

Elia akasikia. Mama, ile sakafu ningeweza kuingia chini yake.

Kesho maswali yanarudiwa. Bila hayo hawajui ugonjwa umefika wapi wala wamsaidieje. Hautaondoka, ila daktari amesema yapo ya kufanya, nami nimelishika hilo. Elia anataka nibaki nyumbani. Nitaenda. Nitakaa mahali Baba aweze kuniona, nami nitanyamaza, hata akinigeukia, hata akishindwa jina lako. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Pumzika, Mama. Ila hapa nyumbani, akikuita, sitaki alie tena, kwa hiyo nimewaza

Ndiyo huyo anaita. "Mama Elia! Chai!" Nisamehe, nimeshaitika abee badala yako, ngoja nikampelekee