Sekunde Kumi na Moja za Mzee Apolinary

Jumatatu, 10 Juni 2024

Klaudia kaja studio kutoka Ijumbi na mkanda wa send-off yake, 2009. Niliurekodi mimi. Baba yake, Mzee Apolinary, alifariki Machi. Mama yake, Edvina, haoni tena kabisa, kwa hiyo picha si hoja – anataka kusikia hotuba ya mumewe. Nakala nyingine hakuna. Nikasema Jumamosi ataipata. Kujitapa kwangu huku!

Kamera ya zamani imewaka. Picha inaingia kwenye kompyuta vizuri. Sauti inakwaruza tu.

Jumanne, 11 Juni

Nimesafisha hedi, kile kichwa cha kamera kinachosoma mkanda. Bado. Nimeazima kebo nyingine dukani kwa Hemant. Bado. Nimefuta programu, nimeiweka upya. Bado. Klaudia kapiga simu: mama anauliza tangu asubuhi. Nikamwambia mkanda ndio mbovu. Uongo, sikujua ubovu uko wapi.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata! Kamera ilirekodi sauti kwa kilohezi 32, programu inasubiri 48. Mpangilio mmoja tu. Nimebadilisha, nimeingiza upya, Mzee akasikika. Nikacheka peke yangu.

Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe mkandani. Maiki ya kamera humsikia kwanza aliye karibu. Namwambia Mushumbusi, aliyenishikia taa siku ile: koti la Mzee la kuazima, hotuba nayo ya kuazima, hawa wa migombani ukiwapa maiki hawaachii. Mushumbusi anacheka. Sauti yangu iko juu kuliko ya Mzee.

Na mimi nimezaliwa migombani, Rubya. Naona aibu. Nimezima mashine, nikaenda kukaa nje.

Alhamisi, 13 Juni

Nimejaribu kuikata sauti yangu. Sekunde kumi na moja. Lakini hapohapo Mzee anasema, "Klaudia, omwana wange, mlango huu haufungwi kwako." Nikijifuta mimi, naye anafutika. Nimechuja, nimepunguza – wapi.

Kwenye nakala ya Klaudia nimetufuta wote wawili. Mwoga mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Wamekuja wote, Klaudia na mama yake. Mama Edvina kavaa hedifoni, kashika meza kwa mikono miwili, anatabasamu. Halafu akainua kidole.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Hapo alimwambia Klaudia habari ya mlango."

Nikarudisha. Kimya kilekile. Nikasema mkanda umeharibika hapo.

Akavua hedifoni taratibu. Akaniomba radhi – yeye, aniombe mimi! – kwa kunisumbua wiki nzima. "Kasinge, asante, mwanangu. Hayo mengine nayakumbuka."

Sasa wako kwenye benchi nje, wanasubiri gari la Muleba. Naandika hapa kaunta ili nisiwatazame. Haisaidii. Faili nzima ninayo, sikuifuta. Nimeifungua. Nimewaita warudi ndani, nikasema kuna kipande nilichokificha.

Klaudia kanigeukia. Anamshika mama mkono, wanainuka. Mama anauliza nimesema nini – naweka kalamu, nikamwambie.