Mama Alisema Tuko Watatu

Mitwero, nje kidogo ya Lindi. Jumatatu, mwezi wa nane.

Kusi imevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye wino. Nina hasira, nina aibu, na nina furaha kidogo. Sijui nianze na ipi.

Leo tumehesabiwa.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni takwimu. Nakaa boma, napokea hesabu za vizazi, mavuno na maradhi kutoka Kikole mpaka Rondo, nazijumlisha, nampelekea Mzungu wa ofisi yangu. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ninayoipenda ni nyingine: kila mwezi naandika makala katika gazeti moja la Dar es Salaam, kuwaeleza watu wa kawaida maana ya hesabu hizo. Niliwahi kueleza wastani kwa mafungu ya dagaa: changanya mafungu yote, makubwa kwa madogo, uyagawe upya yalingane, hapo umeupata. Wauza dagaa wa sokoni mpaka leo wananiita Bwana Wastani. Najifanya sipendi, kumbe najivuna.

Makala ya mwezi uliopita ilihusu hesabu ya watu. Nilijua wengi wanaogopa kuongezewa kodi, nikalijibu hilo. Kisha nikagusa palipo pagumu, vichanga. Kwetu pwani wapo wasiomtaja mtoto kwa watu mpaka atimize arobaini. Mzazi hatoki, kisu kinakaa chini ya mto, na mgeni akiuliza huambiwa hakuna kitu. Nikaandika kwamba kwa mtindo huu karatasi za boma zinaonyesha vichanga wetu hawafi, maana aliyefichwa akiwa hai, akifa nani atamtaja? Na mkunga hapelekwi mahali ambapo karatasi inasema pana heri. Mtoto aliyezaliwa jana naye ni mtu, nikasema. Mtajeni.

Niliandika "baadhi ya nyumba". Nyumba niliyokuwa naifikiria ni hii yangu. Mwaka juzi tulimzika mwanetu wa kwanza kabla ya arobaini yake, na mimi, mtu wa takwimu, sikupeleka habari zake popote.

Sasa Mungu ametupa mwingine. Mke wangu Somoe bado yumo ndani, arobaini haijatimia.

Basi asubuhi akaja karani wa hesabu, Mwalimu Kaspari, anayefundisha shule ya misheni. Makala yangu alikuwa nayo mfukoni, ameikata gazetini ili awasomee wabishi. Akamwamkia Mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa mkekani. Akauliza tumo wangapi.

"Watatu," Mama akajibu. "Mimi, huyu mwanangu, na mkewe."

"Hakuna mtoto, Bibi?"

"Zinazohesabiwa ni nazi, mwanangu. Nimekwambia watatu."

Mwalimu akanitazama. Harufu ya uji wa mzazi, ule wa pilipili manga, ilikuwa imejaa baraza nzima. Mimi nikatazama miguu yangu. Ningemkanusha mama yangu mbele ya mgeni? Na mtoto akiugua kesho, Mama angenielewa?

Aliyesema ni Somoe, nyuma ya pazia, ingawa mzazi hazungumzi na wageni wa kiume.

"Tumo wanne, Mwalimu. Wa kwanza hakuandikwa popote. Huyu mwandike."

Mwalimu akaandika. Mama akainuka, akaenda zake uani bila kuaga.

Baada ya alasiri nikamfuata. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikamwomba radhi, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za mkunga na zahanati, tena kwa lugha nyepesi, kama ninavyowaeleza wasomaji wangu. Hakunipa nafasi.

"Unadhani sijui gazeti lako linasema nini? Somoe alinisomea lote. Mimi nimezaa saba."

Sisi kwa Mama tuko wanne. Tangu nijitambue tuko wanne.

"Wale watatu nilifurahi mapema," akasema. "Nikawatoa nje, nikawaonyesha watu. Hakuna aliyefika arobaini."

Mtu wa takwimu angemwambia kwamba kutaja hakuui. Neno hilo lilinijia na nikalimeza, na sijutii. Nilichukua nazi nyingine nikaivunja, nikampa kipande. Akaendelea kukuna. Baadaye, bila kuniangalia, akauliza kama Mwalimu amemwandika mtoto sawasawa, kwamba ni wa kike.

Nikamwambia ndiyo, ameandika hivyo.

"Haya," akasema.

Nimeinama juu ya vizazi vya jimbo zima miaka yote hii. Nimewafundisha watu nisiowajua namna ya kuvisoma. Mama yangu, tunayekula naye sinia moja, sikuwahi kumuuliza amezaa wangapi.

Kesho, Mungu akituamsha salama, nitakaa naye tena uani. Nitamuuliza majina ya wale watatu.