Sonde Imekufa

Butembo, siku ya posho, Jumamosi, mchana. Mvua imekatika, baridi imebaki. Moyoni hasira nusu, furaha nusu.

Siku kumi na moja taa ya moteri, yaani injini, imewaka mbele yangu, rangi ya chungwa. Na siku kumi na moja mama yangu, aliye Oicha, anakataa kupanda gari langu.

Simlaumu. Watu wa pembeni mwa mji kule wamekwisha kuwakimbia waasi. Kutoka Beni kwenda Oicha magari yanafuata msafara wa askari, na gari likizima njiani, msafara haungoji. Kutoka kwangu hadi kwake ni kilomita themanini na nne. Lazima nimtoe. Lakini alinikatalia: "Masika, gari ya kuwaka jicho mimi hapana panda. Heri nikufie mu nyumba yangu."

Fundi Paluku, mwenye garage karibu na soko, alichomeka mashine yake ndogo ya kusoma makosa ya gari, akasoma neno oksijeni, akatikisa kichwa. "Mama, moteri yako inakosa pumuzi." Akabadilisha filtre, chujio la hewa. Taa ikawaka. Akasafisha mabomba ya hewa. Taa ikawaka. Mwisho akasema moteri imekwisha, nitafute ingine. Nilipomuuliza amepima nini, akacheka: "Mwanamuke na vipimo, we!"

Iliniuma. Mimi nilianza biashara na baiskeli na bidoni mbili, madumu ya mawese. Hakuna aliyenifundisha kufungua capot, boneti ya gari. Ila kuhesabu ninajua.

Basi nilihesabu. Zamani lita tisa kwa kilomita mia. Sasa kumi na nne. Moshi mweusi, harufu ya essence, petroli. Moteri yenye kukosa hewa inachoka mlimani. Yangu inapanda vizuri tu. Haina njaa. Inalishwa kupita kiasi.

Anayeilisha ni kompyuta ya gari. Nani anaidanganya kompyuta?

Ni sonde, kile kifaa kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni iliyobaki. Asubuhi nilipasha moteri, nikakagua waya, nikashika multimètre, kipimo cha umeme. Sonde nzima inacheza kati ya volti sifuri nukta moja na sifuri nukta tisa, haitulii. Yangu: sifuri nukta moja. Dakika tano nzima, sifuri nukta moja. Inasema essence haitoshi, na kompyuta inaongeza tu.

Kwa furaha nikampigia mama simu: "Mama, sonde imekufa!"

Mara kilio.

Kwetu sonde ni ule mpira wanaomwekea mgonjwa hospitalini. "Yesu wangu! Nani alikuwa na sonde? Banatuficha!" Nikasikia majirani wanaingia, mmoja ameshaanza wimbo wa kilio. Dakika nne nzima nikieleza kwamba marehemu ni kifaa cha gari, urefu wa kidole.

Mama akavuta pumzi. "Basi muzike, ukuye unichukue."

Nilipata sonde ingine kwenye gari lililogongwa, aina ileile, waya nne. Nimeifunga mwenyewe. Volti zinacheza: sifuri nukta mbili, nukta nane, nukta moja, nukta saba. Nikafuta kosa kwa mashine ya Paluku, yeye kasimama pembeni, mikono mfukoni. Taa ikazimika. Nimezunguka mji kilomita ishirini, haikurudi.

Nilitaka kumcheka. Nikamwambia tu: papa, usiamini neno, pima.

Sasa hivi mama amepiga tena. Kesho ataningoja mlangoni, mizigo imefungwa. Lakini ameshawaahidi majirani nafasi: na yeye ndani, watu kumi, kati yao batoto bane. Gari lina viti saba, na kimoja ni changu.

Hesabu inakataa.

Nimeng'oa viti vya nyuma, nikatandika godoro.