Nguva wa Ghuba ya Nyuma

3 Machi

Kwako mpwa wangu, karani wa makao makuu ya hifadhi,

Salamu zikufikie huko kwenye ofisi za vioo. Kile kikohozi kimepoa? Mimi mzima, ila goti. Linanisumbua tangu nilipobeba taa ya mnara mgongoni, ngazi mia mbili, peke yangu. Mama yako akikataa, huo ni wivu wa dada.

Sasa sikiliza. Jana nilizungusha wageni kama kawaida: mnara wa taa, mwamba wenye tundu, pango la popo, kaa wapanda minazi. Walipoketi kula nikajipenyeza hadi ghuba ya nyuma, na nani nikamwona? Nguva! Yule mnyama mnene wa baharini anayekula nyasi na kunyonyesha, ambaye vibao vyenu vinasema ametoweka hapa. Mkubwa kama lori, ana mtoto. Tukatazamana, akaniheshimu.

Nikamwambia nahodha wa boti ya wageni. Akacheka akishika mbavu: "Na yule nyangumi wako wa mwaka jana, hajambo?"

Nimeudhika, mpwa wangu. Waambie wakubwa.

Mjomba wako,
kiongozi wa wageni nambari moja kisiwani


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Mama anakusalimu, anasema taa ilipandishwa na wanaume kumi, na wewe ulishika kamba.

Mjomba, nimechoka. Faili lako liko mezani kwangu na lina malalamiko mawili. Mgeni mmoja ulimwambia popo wanakujua kwa jina. Mwingine alipiga simu kuuliza kama kweli kasa hutaga ukiwapigia mluzi. Lalamiko la tatu, beji inarudi. Miaka kumi na tisa ya kazi! Na barua ya kukuachisha kazi nitaichapa mimi, kwa vidole vyangu.

Kama umemwona kweli, niandikie tarehe, saa, mahali na urefu. Lori usiniletee.

Mpwa wako anayekupenda, kwa hasira


24 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Goti vilevile. Kuandika unavyotaka ni kutafuna wali mkavu, lakini haya, chukua.

Tarehe 15, 16, 18, 20 na 23. Saa moja asubuhi. Ghuba ya nyuma, upande wa kaskazini, maji ya kifuani. Mama ana urefu wa mlango wa chumba changu ukilazwa, na ziada ya mkono mmoja. Mtoto ni kama meza. Rangi kijivu. Wakila nyasi huacha njia nyembamba ya mchanga chini, kama mtu aliyeburuta ufagio.

Tarehe 20 boti ilikata kona hapo kwa kasi. Mama alimziba mtoto kwa mwili wake, wakazama. Mapanga ya injini yalipita juu yao kabisa. Sikuwaona tena siku ile, ingawa niliwangoja hadi mchana.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo Mjomba!

Natumai goti limetulia. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nimekuamini. Ule ufagio haubuniwi na mtu.

Nilimpelekea mkuu wetu. "Huyu si yule wa popo?" akauliza. Kisha akasoma, akaruka kitini. Tarehe 9 anakuja mwenyewe na mpiga picha. Picha ikipatikana, boti nane kila siku zitapeleka wageni ghuba ya nyuma, nguva atawekwa kwenye mabango, na wewe utakuwa kiongozi mkuu. Ikionekana ulitunga, hilo ni lalamiko la tatu, nami nimetia sahihi kwamba nakudhamini.

Nilimuuliza, "Boti nane hazitawaumiza?" Akanijibu, "Watazoea." Nimelimeza hilo kwa ajili ya beji yako, Mjomba. Usiniangushe.

Mpwa wako


12 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Najua umeshasikia, na hutaki salamu zangu. Pokea hivyo hivyo.

Walifika asubuhi na mapema kwa boti ya yule nahodha. Mkuu alisimama ufukweni, kaipa bahari mgongo, anamfokea mpiga picha aliyeinama kutafuta betri. Na nyuma yake, hatua thelathini tu, mgongo wa kijivu ukaibuka. Halafu mdogo pembeni. Aliyekuwa anatazama maji ni mimi peke yangu.

"Haya mzee, yuko wapi?"

Nikazihesabu zile boti nane kichwani, nikasema, "Mkuu, hakuna nguva. Nilitunga."

"Na tarehe zote hizi?"

"Tarehe ziko kwenye kalenda, ukutani kwa kila mtu."

"Nilijua," akasema, akanyoosha mkono apewe beji.

Hata swali moja zaidi hakuuliza! Miaka kumi na tisa watu wananibishia, na siku hii moja nimeaminiwa papo hapo. Hasira niliyo nayo, kichwa kinagonga. Nahodha alicheka njia nzima ya kurudi. Sahihi yako nimeichafua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko beji. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue.

Leo nimekwenda tena. Mtoto alikuja kuvuta pumzi karibu nami kiasi kwamba nilisikia pua zake zikifunguka. Sina wa kumsimulia ila wewe. Ukimaliza kusoma, ichane.

Mjomba wako