Godoro la Kupuliza

4 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo. Mimi mzima, kifua kimetulia, na kabla hujauliza: nakula na navaa soksi.

Lile godoro nililolifungua dukani kwako kabla ya kuondoka, sikukuambia nililichaguaje. Sponji ya kukunja haipati pancha, lakini ni nyembamba mno kwa ardhi ya huko juu. La upepo mtupu ni jepesi ajabu, ila muuzaji alinionya kwamba hewa ya ndani hupoa usiku na mgongo ukapoa nayo. Nikachukua lenye kitambaa cha kuzuia baridi ndani yake. Likikunjwa haliwi kubwa kuliko chupa ya maji. Ukijigeuza linalia kama mfuko wa karanga, kwa hiyo wenzangu watanichukia.

Kesho tunapanda msituni kupima miti, begi mgongoni, kila siku chache tunahamisha kambi. Msafara huu nikiumaliza salama, mkuu wetu anasema kazi inakuwa ya kudumu. Mtandao hakuna. Barua atazibeba mpagazi anayeleta vyakula.

Mdogo wako.

11 Juni

Kijiti wangu,

Marahaba. Sijambo, magoti tu ndiyo yanayolalamika.

Nilikuwa nafagia chini ya meza ya kushonea, nikakuta ule mfuko wa kujazia hewa uliokuja na godoro. Haukudondoka. Umekunjwa vizuri ukasukumwa nyuma ya boksi la vifungo, na mimi sina paka anayekunja nguo. Kwa hiyo unalipuliza kwa mdomo? Mwaka jana tu ulitolewa maji kwenye pafu, mimi ndiye niliyekushika mabega daktari akiingiza sindano, leo unapuliza godoro kila jioni mlimani. Una akili timamu kweli?

Mkuu wako anajua habari za kifua chako? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Dada yako, asiyepata usingizi.

18 Juni

Dada,

Shikamoo, na usinune. Ndiyo, niliuficha. Hapa wote wanapuliza kwa mdomo. Nikitoa mfuko mpishi atauliza, na mpishi akijua, kambi nzima imejua. Mkuu hajui. Nakusihi usimwandikie. Nimetafuta kazi hii muda mrefu mno, wewe unajua.

Baridi ya chini hainipati, hapo nilichagua vizuri. Shida ni ndogo tu: asubuhi nalikuta godoro limelegea, nyonga inagusa ardhi. Kabla ya kulitandika huwa naokota vijiti na mawe yote, sasa sijui limetoboka wapi. Tundu dogo kama hilo hutafutwaje?

Mdogo wako.

25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo iko juu juu.

Lijaze, ulizamishe mtoni kipande kwa kipande, uangalie mapovu. Usisahau kwenye kizibo. Ukiliona tundu, lianike likauke kabisa ndipo ubandike kiraka, na usililalie mpaka gundi ishike. Kulikausha kwa moto ni kuliua.

Haya, sasa niambie ukweli. Ya wenzako nayo yanalegea? Unapuliza mfululizo au unapumzika katikati? Siulizi kwa ajili ya godoro.

Dada yako.

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Nimelizamisha. Sikuona povu hata moja.

Mpishi ndiye aliyenisaidia kulijaza, kwa hayo mapafu yake ya kupigia kelele. Alimaliza huku akipiga soga. Anasema hewa hunywea kwa baridi, magodoro ya wote hulegea kidogo, wao huongeza pumzi mbili tatu kabla ya kulala basi. Usiku ule lilikaa gumu mpaka asubuhi. Nikipuliza mimi, naanza kabla ya chakula, napumzika, naendelea, na bado halijai sawasawa. Jana niliacha nusu.

Si neno, kwa sababu siku hizi nalala nimeegemea begi. Nikilala chali pumzi inakuwa fupi kidogo. Labda ni mwinuko. Tumebakiza bonde moja tu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako.

5 Julai

Mdogo wangu,

Leo salamu tutapeana uso kwa uso.

Barua yako nimempelekea daktari kama ilivyo. Alipofika hapo pa kuegemea begi aliinua macho akaniuliza uko wapi. Amesema mwinuko au maji, vyovyote vile ushuke, na usingoje kesho.

Nimefunga duka. Niko geti la chini la msitu, kwenye kibanda cha mlinzi, gari liko nje. Mpagazi hakuwa na safari leo, nimembembeleza mpaka akakubali. Atabeba begi lako, wewe ubebe mwili wako tu, taratibu.

Mkuu wako sijamwandikia. Ulinisihi, nimekusikia. Mwambie mwenyewe, sasa hivi, mpagazi akiwa amesimama hapo. Kazi ikiondoka na iondoke, nitakasirika nawe baadaye. Lakini naogopa, mdogo wangu. Naogopa tangu jana.

Usinijibu barua hii. Mpagazi akirudi na bahasha badala yako, sitaifungua. Nitapanda.

Dada yako, getini.